Kani ya Mguso: Namna Mashine za Tiba ya Viungo Zinavyofundishwa Kiasi

Katikati ya mwaka 1952 ugonjwa usiojulikana uliingia katika vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, katika lile lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mtu alishikwa na homa kali kwa ghafla, na muda si muda viungo vyake vikakaza kwa maumivu hata akashindwa kuondoka pale alipokuwa. Homa ilipokwisha, maumivu hayakwisha nayo. Wengi waliendelea kutembea wameinama, magoti mazito, vidole vimekunjamana. Wamakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, yaani ule uukunjao mwili, na jina hilo ndilo linaloandikwa leo katika vitabu vya utabibu duniani kote. Baadhi ya vitabu hivyo husema kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli, ni la Kimakonde, na watu wa Newala wana haki ya kulidai.

Habari za ugonjwa huo ziliandikwa na wataalamu watatu. Marion Robinson alieleza dalili zake, W. H. R. Lumsden alichunguza namna ulivyoenea, na R. W. Ross alikitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Lumsden na Ross walitoka katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, na taarifa za watatu hao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956. Moja ya mambo waliyoyaona lilihusu maji. Uwanda ule hupata mvua, lakini udongo wake huyanywa maji upesi, na juu yake hakuna vijito vya kudumu. Wenyeji walilazimika kuyateka maji mbali, aghalabu bondeni, na kuyaweka akiba ndani ya nyumba. Katika vyungu hivyo vya akiba ndimo mbu aina ya Aedes aegypti alimozaliana, na mbu huyo ndiye aliyekibeba kirusi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Kirusi hakikubaki Kusini. Mwaka 2004 kilizuka Lamu. Mwaka 2005 kikaingia Komoro na kisha kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua. Mwaka 2006 kikawa kimeenea Bara Hindi. Na mwishoni mwa mwaka 2013 kikavuka bahari ya Atlantiki hadi visiwa vya Karibi. Wagonjwa wengi hupona. Wapo, hata hivyo, ambao vifundo vya mikono na miguu huendelea kuuma na kukakamaa kwa miezi, na wengine kwa miaka. Kwa mkulima wa korosho, kifundo cha mkono kisichokunjuka ni msimu uliopotea.

Makala hii haihusu kirusi. Inahusu swali linalobaki baada ya homa kuondoka: kiungo kiumacho kisukumwe kwa kani kiasi gani ili kirudi katika mwendo wake bila kuumizwa zaidi? Swali hilo ni la zamani kama tiba yenyewe. Katika miaka 40 hivi iliyopita limepata umuhimu mpya, kwa sababu kazi ya kusukuma na kunyoosha viungo imeanza kukabidhiwa mashine, na mashine haina ngozi.

Yafaa kwanza kutazama afanyavyo mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mikono yake mitupu. Mgonjwa mwenye kifundo kilichokaza huketishwa, na kigasha chake hulazwa juu ya meza. Mkono mmoja wa mtaalamu hushika kigasha juu kidogo ya kifundo, wa pili hushika kiganja na kuanza kukikunja polepole. Mwanzoni kiganja huja bila taabu. Kisha upinzani huanza, nao una ladha mbalimbali. Kiungo kilichogota mfupa kwa mfupa husimama ghafla kama mlango uliofika kwenye kizingiti. Kile kilichozuiwa na nyama na mishipa iliyofupika huendelea kukubali kidogo kidogo, kama ngozi ya ngoma inapowambwa. Na kile kilichozuiwa na hofu ya mgonjwa hukaza kabla ya wakati wake, kisha hulegea mtaalamu anapotulia na kusubiri. Mtaalamu huhisi haya yote kwa ngozi ya viganja vyake, kwa misuli yake na kwa kano zake, ambamo mna neva maalumu za kupokea habari za mvuto. Wakati huo huo macho yake hayaondoki usoni pa mgonjwa.

Kipimo hiki ni bora, ila kina kasoro tatu. Mkono huchoka, na mkono uliochoka hupotoka. Mkono hauandiki, mtaalamu anaweza kusema kwamba leo kiungo ni laini kuliko juma lililopita, lakini hawezi kusema ni laini kwa kiasi gani. Tena mkono haurithishwi. Mtaalamu akihamishwa kutoka Newala kwenda Nachingwea, habari za wagonjwa wake huondoka naye, na anayempokea huanza upya.

Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya uhaba wa wataalamu hata katika nchi tajiri, wahandisi waliingia uwanjani na roboti. Sharti ielezwe mara moja kwamba roboti nyingi za tiba zimeundwa kwa ajili ya wagonjwa wa kiharusi, ambao ubongo wao umepoteza amri juu ya mkono au mguu, na ambao hujifunza upya kwa kurudia mwendo mmoja mamia ya mara. Mgonjwa wa chikungunya hajapata nafasi kubwa katika mashine hizo. Hata hivyo kifundo chake kinauonyesha ugumu wa jambo lenyewe kwa uwazi zaidi, kwa kuwa kosa dogo la kani hujibiwa papo hapo kwa maumivu.

Roboti za kwanza za viwandani zilijua jambo moja tu: mahali. Huambiwa, "peleka chombo kutoka hapa hadi pale," nazo hupeleka, liwepo la kuzuia au lisiwepo. Masasi na Newala zina mfano wake katika korosho. Yeye aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua kwamba ganda lina haki yake: likigongwa kidogo halipasuki, likigongwa zaidi ya kiasi kiini huvunjika na bei hushuka. Korosho hazilingani kwa ukubwa. Mashine ambayo makali yake husogea umbali uleule kila mara itaivunja kubwa na kuiacha ndogo. Ndiyo maana korosho hupangwa kwanza kwa ukubwa kabla ya kupelekwa mashineni, na ndiyo maana mkono wa mbanguaji mzoefu ulikuwa, na katika sehemu nyingi ungali, unashindana na chuma kwa idadi ya viini vizima. Mkono hauongozwi na umbali. Huongozwa na kile unachokihisi ganda linapoanza kukubali.

Viungo vya wanadamu havilingani, wala kiungo kimoja hakilingani na chenyewe asubuhi na jioni. Mashine inayoongozwa na mahali peke yake ni hatari kwa mgonjwa, na ukubwa wa hatari hiyo unaweza kukadiriwa kwa kanuni ya Hooke, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huijua: kani ni sawa na ugumu wa springi mara umbali ilipovutwa. Mashine ngumu ya kiwandani hufanya kazi kana kwamba ni springi yenye ugumu wa, tuseme, nyutoni 10,000 kwa kila mita. Iwapo mkono wa mgonjwa umekwama sentimita moja tu kabla ya mahali mashine ilipoagizwa kufika, kani itakayomkandamiza ni 10,000 mara 0.01, yaani nyutoni 100, sawa na uzito wa ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Mashine ikilegezwa hadi ugumu wa nyutoni 200 kwa mita, kosa lilelile la sentimita moja huzaa nyutoni 2, uzito wa embe moja.

Hesabu hii nyepesi ndiyo kiini cha wazo lililoenezwa na Neville Hogan wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, katika makala zake tatu za mwaka 1985. Badala ya kuiamuru mashine ifike mahali fulani, au iache kani fulani, Hogan alitaka iamriwe namna ya kujibu inapoguswa: iwe laini kiasi gani, iwe nzito kiasi gani, irudi kwa haraka gani inaposukumwa. Kompyuta huipa mashine tabia ya springi ya kubuni, na tabia hiyo hubadilishwa kwa kubadilisha tarakimu. Kutokana na wazo hilo yeye na wenzake, akiwamo Hermano Igo Krebs, walitengeneza roboti iliyoitwa MIT-MANUS. Mgonjwa wa kiharusi hushika kishikio na kusogeza mkono wake juu ya meza akifuata alama kwenye kioo. Asipoweza kusogea, mashine humsindikiza. Akiweza, humwachia njia. Akisukuma kinyume, haimshindi nguvu. Mwaka 1994 majaribio ya kitabibu yalikuwa yameanza katika hospitali moja ya White Plains, jimbo la New York. Baadaye zilikuja mashine za miguu, mathalani Lokomat ya Uswisi, ambayo humning'iniza mgonjwa kwa mikanda na kuitembeza miguu yake juu ya mkanda unaozunguka.

Mashine ya namna hiyo haiwezi kujibu mguso usiopimwa. Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo kwa kawaida hupitwa haraka katika picha za magazeti, ambazo hupenda kuonyesha vyuma na taa: kihisi cha kani, kipande kidogo kilichofichwa kati ya mashine na mkono wa mgonjwa.

Vihisi vingi hutegemea jambo lililochunguzwa na William Thomson, baadaye Lord Kelvin, mwaka 1856: waya ukivutwa, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Waya huwa mrefu zaidi na mwembamba zaidi, na umeme hupita kwa taabu zaidi. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake, walilifanya jambo hilo kuwa chombo. Waya mwembamba, au siku hizi karatasi nyembamba ya metali iliyochorwa kwa mistari ya kwenda na kurudi, hugandishwa kwa gundi juu ya chuma. Chuma kikipinda kwa kubebeshwa kani, waya hupinda nacho. Chombo hicho chaweza kuitwa utepe wa mvutiko.

Mabadiliko yenyewe ni madogo mno. Utepe wa kawaida una ukinzani wa omu 120. Chuma kilichobeba mgonjwa kikirefuka sehemu 5 katika 10,000, ukinzani wa utepe hubadilika kwa uwiano wa mara mbili hivi ya huo, yaani sehemu 1 katika 1,000, ambayo ni omu 0.12. Sasa mwanafunzi afikirie chumba cha hospitali huko Masasi, saa saba mchana wa mwezi wa Novemba. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka karibu sehemu 4 katika 1,000 kwa kila digrii moja ya sentigredi. Lau utepe ungetengenezwa kwa shaba tupu, joto likipanda digrii moja lingebadilisha ukinzani kwa omu 0.48, mara nne ya habari yote iliyotafutwa. Mashine ingedhani mgonjwa anaisukuma, kumbe ni jua. Dawa yake ni mbili. Utepe hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli uitwao konstantani, ambao haubadiliki sana kwa joto. Na tepe nne hupangwa katika saketi ya daraja la Wheatstone, mbili upande unaovutika na mbili upande unaobanwa. Joto huzibadilisha zote nne kwa pamoja na athari yake hujifuta, lakini kani huzibadilisha kinyume na athari yake hujumlika. Daraja hilo lililoko katika maabara za shule nyingi, ambalo wanafunzi hulichukulia kuwa zoezi la mtihani tu, ndilo linalosimama kati ya mgonjwa na mashine.

Swali linalofuata ni mahali pa kukiweka kihisi. Njia rahisi ni kupima umeme unaotumiwa na mota: mota ikishindana na mzigo hunywa umeme zaidi. Njia hiyo haina gharama, lakini kati ya mota na mgonjwa kuna magurudumu ya meno, na msuguano wa magurudumu hayo waweza kumeza kani ndogo yote. Kwa kiungo chenye maumivu, kani ndogo ndiyo yenye habari. Hivyo kihisi huwekwa karibu na mwili kadiri iwezekanavyo, kwenye kishikio au kwenye bangili inayoshika kigasha, na vilivyo bora hupima kani katika pande tatu pamoja na nguvu za kuzungusha katika pande tatu.

Hata hapo kazi haijakwisha, kwani kihisi hupima kani bila kujua imetoka kwa nani. Mfano wa tarakimu utasaidia. Mkono mzima wa mtu, kuanzia begani, huchukua karibu sehemu 5 katika 100 za uzito wa mwili wake. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 3, sawa na nyutoni 30 hivi. Mkono ukinyooshwa mbele sambamba na ardhi, kitovu cha uzito huo kiko karibu sentimita 30 kutoka begani. Bangili ya mashine inayoushika mkono kwenye kifundo, sentimita 60 kutoka begani, itahisi nusu ya uzito: nyutoni 15. Mgonjwa hajafanya kazi yoyote, ila kihisi kimekwisha kusoma nyutoni 15. Akianza kujitahidi na kubeba nusu ya mzigo huo, kihisi kitasoma nyutoni 7.5.

Sasa mashine na iuinue mkono huo mpaka pembe ya digrii 60 juu ya ardhi. Kosini ya 60 ni 0.5, kwa hiyo kani inayoukandamiza mkono kwa pembe mraba hushuka hadi nyutoni 7.5, mgonjwa akiwa amelegea vilevile. Tarakimu ni ileile. Sababu ni tofauti kabisa. Kompyuta isiyojua pembe ya mkono itaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu kwa nusu, na daktari atakayeiamini atampunguzia msaada mtu asiye na nguvu yoyote. Ndiyo maana mashine nzuri huupima kwanza uzito wa mkono ukiwa umelegea katika pembe mbalimbali, kisha huutoa katika kila hesabu.

Kwa mgonjwa wa kiharusi lipo fumbo jingine. Misuli yake yaweza kukaza yenyewe, na ukazaji huo una desturi ya kuongezeka kadiri kiungo kinavyovutwa kwa haraka. Ugumu wa kano zilizofupika haujali sana mwendo kasi. Basi mashine hukinyoosha kiwiko mara moja polepole na mara moja upesi, kisha hulinganisha. Kani zikilingana, tatizo ni la nyama; ya pili ikizidi sana, tatizo ni la neva. Mtaalamu mzoefu hufanya jaribio hilo kwa mkono wake, bila shaka, ila yeye hupata jibu la "zaidi" au "pungufu", na mashine hupata jibu la nyutoni.

Mpaka hapa mgonjwa amedhaniwa kuwa anaweza kupiga kelele anapoumizwa. Kusini mwa Tanzania kuna wagonjwa wasioweza. Mikoa ya Mtwara na Lindi imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zinazosumbuliwa zaidi na ukoma, na ingawa dawa za siku hizi huua vimelea vyake kabisa, neva zilizokwisha kufa hazirudi. Mgonjwa aliyepona ukoma huweza kuwa na mkono wenye nguvu usiohisi chochote. Kisukari, ambacho kinaongezeka, hufanya hivyo kwa miguu. Mtu wa namna hii akifungwa katika mashine, kani jumla si habari ya kutosha. Lazima ijulikane imegawanyika juu ya eneo gani. Nyutoni 30 zilizotandazwa juu ya mkanda wenye eneo la sentimita za mraba 60 huleta kanieneo ya kilopaskali 5. Nyutoni zilezile zikikusanyika juu ya kifungo cha sentimita moja ya mraba huleta kilopaskali 300. Damu katika mishipa midogo kabisa ya ngozi husukumwa kwa kanieneo inayotajwa kuwa karibu milimita 32 za zebaki, kama kilopaskali 4.3. Kumbe hata ule mkanda mpana unaweza kuisimamisha damu ukiachwa muda mrefu. Mtu mwenye hisia hujisogeza bila kufikiri. Asiye na hisia hukaa kimya mpaka kidonda kitokee.

Paul Brand, daktari wa upasuaji wa asili ya Kiingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 na kufanya kazi ya ukoma kwa miaka mingi Vellore, alilivaa tatizo hili baada ya kuhamia hospitali ya Carville, Louisiana. Yeye na wahandisi walitengeneza glavu na soksi zenye vihisi vya kanieneo, ili mgonjwa apate maumivu ya bandia: kwanza sauti sikioni, kisha, sauti ilipopuuzwa, mshtuko wa umeme mahali penye hisia. Jaribio hilo halikufaulu. Vihisi viliharibika upesi. Jambo lililomfundisha Brand zaidi, hata hivyo, ni kwamba wagonjwa walipotaka kumaliza kazi yao, mathalani kuzungusha spana iliyokwama, walizima chombo, wakamaliza kazi, kisha wakakiwasha tena. Maumivu ya kweli hayana swichi. Roboti ya tiba nayo yafaa isiwe na swichi ya namna hiyo: kani inapovuka mpaka uliowekwa, mashine ilegee yenyewe, bila kusubiri ruhusa ya mgonjwa wala ya mwendeshaji.

Je, mashine hizi zinafaa kununuliwa? Hapa ni vyema kuwa na tahadhari. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 770 wa kiharusi. Wale waliofanyishwa mazoezi ya mkono kwa roboti ya aina ya MIT-MANUS hawakupata uwezo wa kutumia mkono ulio bora kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida. Mota, yaani sehemu ya gharama na ya fahari, haijathibitisha kwamba inaushinda mkono wa mtu. Thamani ya mashine hizo, kwa hospitali kama Mkomaindo ya Masasi au ile ya wilaya ya Newala, yaelekea iko zaidi katika kile kipande kidogo kilichofichwa. Kupima kani ni rahisi kuliko kuitoa. Mtaalamu mwenye mikono mizuri na kipimo cha shilingi chache anaweza kuandika katika jalada la mgonjwa tarakimu ambayo mwenzake wa Nachingwea ataisoma na kuielewa.

Vipimo viwili vya namna hiyo vina historia ndefu. Cha kwanza ni uzi wa nailoni uliosimikwa kwenye kijiti, unaotumika kuchunguza hisia za mikono na miguu ya wenye ukoma na kisukari. Uzi ukigusishwa kwenye ngozi na kusukumwa, hupinda unapofika kani fulani, na mkono wa mpimaji ukiongeza nguvu uzi huzidi kupinda tu, kani haiongezeki kwa maana. Uzi unaotumika zaidi miguuni hupinda kwa uzito wa gramu 10, karibu nyutoni 0.1. Mwishoni mwa karne ya 19 Max von Frey wa Ujerumani alitumia unywele kwa kazi hiyohiyo.

Cha pili kipo karibu katika kila zahanati: mkanda wa kupimia shinikizo la damu. Mkanda hukunjwa kuwa mviringo wa kujaa kiganja, hujazwa hewa mpaka milimita 20 za zebaki, kisha mgonjwa huubana kwa vidole vyake kadiri awezavyo bila kulazimishwa. Hurudia mara tatu, akipumzika kati ya mara na mara, na wastani huandikwa. Njia hii imetumiwa na madaktari wa magonjwa ya viungo kwa miaka mingi, na inafaa hasa kwa vidole vilivyovimba, kwa sababu mkanda ni laini na mgonjwa haogopi kuubana.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuufanya mkanda huo kuwa somo la majuma mawili, wanafunzi wenye afya wakiwa ndio wapimwa. Kwanza waupime mshiko wa mkono wa kulia na wa kushoto; mwenye mkono wenye nguvu ataufikisha mshale mwisho wa kipimo, milimita 300, na yafaa aachwe nje ya jedwali. Kisha mkanda uwekwe mezani ukiwa na milimita 20 zilezile, ubao mdogo ulazwe juu yake, na juu ya ubao zipangwe chupa za lita moja zilizojaa maji, moja baada ya nyingine. Kila chupa ni karibu nyutoni 10. Wanafunzi wachore grafu ya kani dhidi ya kanieneo. Watatarajia mstari ulionyooka, nao hautanyooka: ubao unavyozidi kuzama, eneo la mkanda linaloubeba huzidi kupanuka, na kila chupa mpya hupandisha mshale kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Wanafunzi watakaojaribu tena kwa ubao mwembamba zaidi watapata mkunjo wa namna nyingine, na kabla ya kuandika nyutoni za mtu yeyote watalazimika kuamua ni ubao upi unaofanana zaidi na kiganja.